Tulivyomwombea Rubani

Mapera, Mbinga
15 Julai 1996

Mwanangu Cletus,

Kwa jina la Mungu Baba, aliyeumba anga kabla ya kuwako ndege, nakusalimu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi tu wazima. Kahawa imeiva, na tangu soko lifunguliwe, wanunuzi binafsi hutufuata hadi shambani.

Barua yako ilinifurahisha mno. Nilitangaza kanisani kwamba Jumapili, saa sita mchana, utarusha ndege ya abiria kutoka Tunis kwenda Djerba, kwa mara ya kwanza ukiwa rubani mkuu wa shirika lenu dogo. Basi jana, saa sita kamili, kanisa zima lilipiga magoti.

Tulipomaliza rozari, Mwalimu Blasius akacheka. "Mzee Katekista, huko Tunis sasa ni saa nne. Mwanao bado anakunywa chai."

Hakuna aliyeondoka. Tulianza rozari upya, tukaimba, tukangoja saa nane yetu. Ilipotimia, mama yako, ambaye hakuwa amelitaja jina lako tangu ulipoacha seminari miaka saba iliyopita, alisimama mbele ya wote.

"Tumwombee Cletus wangu," alisema, "na hao aliowabeba."

Karatasi ya pili iliyomo katika bahasha hii ni yake. Amenikataza kuisoma.

Mungu akulinde angani na ardhini, aibariki nyumba yako na wote mnaokula pamoja.

Baba yako,
Protasi