Aliyekata Kalibu ya Baba

Karakanani,
Jumapili, mchana.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua vipi, baridi imekuachia upumue? Na wifi yangu, na wale wanangu ambao naambiwa sasa wanavaa viatu vyako? Sisi huku tu wazima. Hilo neno "wazima" nimeliandika, nikalikata, nikaliandika tena. Utaona mwenyewe kwa nini.

Usinicheke mwandiko. Kila nikikaa nainuka. Nimefagia vumbi la faiba ambalo halikuwepo, nimechemsha chai nikaisahau jikoni. Mama ananiuliza kama kiti kina siafu.

Mkasi, fundi wetu wa matanga ya boti, yupo na mdomo wake ule ule. Juzi alimwambia mteja mmoja mnene achague: boti kubwa zaidi au sahani ndogo zaidi. Bahati yetu mteja alicheka.

Sasa lenyewe. Ile kalibu ya boti ndogo, umbo tunamolaza nyuzi za faiba, mliyoitengeneza wewe na Baba kabla hujaondoka, ndiyo imezaa boti zetu zote mpaka leo. Na unajua Baba hataki mtu mwingine aipake nta. Ni yeye na kitambaa chake, mlango kaufunga, akimaliza ndiyo tunaingia na faiba na gundi. Safari hii alitoka akasema, "Tayari." Nani angemwuliza? Tukalaza faiba, tukapaka gundi, tukaiacha ikauke.

Boti haikutoka. Tulipiga kabari, tukamimina maji pembeni, tukagonga kwa nyundo za mpira mpaka mikono ikafa ganzi. Wapi! Kalibu ikikosa nta, boti inashikana nayo, vinakuwa kitu kimoja. Mkasi akaninong'oneza, "Dada, mzee hakupaka kitu." Nikamtolea macho anyamaze. Kisha nikaliona kopo la nta juu ya rafu, jipya, kifuniko hakijaguswa. Muda wote ule alikuwa akiipangusa kwa kitambaa kikavu.

Alisahau, ndugu yangu. Tena siyo mara ya kwanza. Ananiuliza jambo, namjibu, ananiuliza tena pale pale. Mama anasema ni uchovu. Uchovu gani huo jamani!

Njia zilikuwa mbili: tukate boti ibaki kalibu, au tukate kalibu ibaki boti. Boti yenyewe ni ya mwalimu anayefundisha watoto kuendesha tanga pale ziwani, na ameingoja kwa uvumilivu mno. Mimi nikasema tukate boti, mwalimu tutamwomba radhi. Baba akanikatiza: "Boti ni ya watu. Kalibu ni yangu. Washa msumeno."

Nikawasha. Nililia ndani ya barakoa na hakuna aliyejua. Boti ikatoka nzima, nzuri hiyo! Baba akapitisha kiganja ubavuni mwake akacheka, akasema kalibu nyingine mtaitengeneza wewe na yeye.

Asubuhi yake akaingia karakanani, akasimama mbele ya vipande. "Nani kakata kalibu yangu?"

Mkasi akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Ningesemaje? Nikimwambia ni yeye, atauliza sababu, na sababu ni nta. Nikasema, "Mimi, Baba." Alinifukuza, mdogo wangu. Mbele ya watu! Baba ambaye tangu nizaliwe hajanipandishia sauti. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Kesho yake alikuwa kasahau kwamba alinifukuza, na tangu hapo kila akiingia anauliza upya, nami najibu vile vile.

Kwa hiyo njoo. Sitaki pole, wala usinitumie dawa. Namna ya kuchonga umbo la ile boti haijaandikwa popote, iko mikononi mwake, na mikono yake ikishika randa bado haisahau. Mimi nilikuwa wa gundi na faiba tu, kuchonga mlichonga nyinyi. Ukisubiri kazi yako ipungue, utakuta mzee anakukaribisha kiti kama mgeni. Umenisikia? Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Mkasi anasema kofia yako ameirithi na hairudishi. Mpe wifi salamu zangu nyingi, na watoto uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akufungulie njia, na akufikishe mapema.

Na Baba. Leo asubuhi nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema, "Mwambie aje tutengeneze kalibu. Ila wewe usiiguse."

Wako akupendaye, tena anayekungoja,
Dada yako.