Kwa Mama Madirisha, Ambaye Tulimtundikia Kiyoyozi

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, binti yetu, dada yetu, mama yetu, nasi tunakuandikia tukiwa tumeinamisha vichwa.

Ulikuwa mhifadhi wa nyaraka katika jengo lile la kuta nene nyuma ya mahakama. Alfajiri ulifungua madirisha ya upande wa kivuli, ukaiacha hewa baridi ipite kati ya rafu. Jua lilipopanda, uliyafunga. Wenzako wakakubandika jina la Mama Madirisha, nawe ukaliitikia. Walipotamani kiyoyozi, uliwaambia kwamba jenereta la kukiendesha lingetunza karatasi za jana huku likiwafukizia moshi watoto wa kesho. Nyumbani nako ulizima taa nyuma ya kila mtu, hata mgeni akiwa bado anatafuta viatu vyake.

Tulicheka. Tulidhani ni ubahili.

Ulipofariki, mama yako mzazi, mwalimu mstaafu, alitaka ukumbukwe kwa kitu cha maana. Ukoo ukachanga, kikanunuliwa kiyoyozi kikubwa, kikatundikwa katika chumba chako cha nyaraka kikiwa na kibati chenye jina lako. Madirisha yakazibwa ili baridi isitoroke. "Kuuliza si ujinga" ndiyo methali aliyowafundisha watoto wa watu maisha yake yote. Safari hii hakumwuliza mtu.

Baada ya masika alikwenda kukitazama. Alimkuta mwenzako anayekarabati karatasi, yule uliyemwita Fundi Gundi, akianika majalada juu ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona chumba kinanuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni?"

"Umeme ukikatika, mama, chumba hutoka jasho. Hewa haina pa kupitia. Majalada yameota kuvu."

"Na hamkuniambia?"

"Tungeanzia wapi? Mashine ina jina la marehemu. Tulisema, tukiizima, mama wa watu atadhani tumemzika mwanawe mara ya pili."

"Mkanistahi mimi, mkaziozesha karatasi."

"Ndiyo, mama."

Aliketi kwenye kiti chako, akafunua jalada lililokuwa juu. Zilikuwa hati za mipaka ya mashamba, wino wake umeenea kama chai iliyomwagika. Yeye aliyewachapa wanafunzi kwa doa moja la wino.

"Kiondoeni," akasema.

"Na kibati?"

"Nipe mimi."

Kimo kabatini mwake, kimefungwa kwa kitambaa. Hajathubutu kukifungua.

Madirisha yamezibuliwa. Majalada mengi Fundi Gundi ameyaokoa. Baadhi ya hati hazisomeki tena. Wiki ijayo ofisi itawaita wenye mashamba hayo ili mipaka ipimwe upya. Mama yako ameomba asimame mbele yao, wamjue aliyewatia katika usumbufu huo. Kaka zako walimsihi asiende. Aliwaambia, "Zawadi niliitoa hadharani. Nitaitubia gizani?"

Leo hatukukuletea maua. Alfajiri mama yako mwenyewe alikwenda kuyafungua madirisha yako. Moja lilikuwa limevimba kwa unyevu. Alilisukuma kwa bega mpaka likakubali.

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, wanao, kaka zako, na Fundi Gundi, aliyeomba tumhesabu miongoni mwa ndugu.

Tuwie radhi, Mama Madirisha. Tulikupenda bila kukusikiliza. Hatutakusahau, wala hatutayaziba tena.