Kofia ya Tarakimu Sita

Nyamirambo, Kigali
18 Machi 1992

Mpendwa kaka Sadi,

Assalaam alaykum. Funga inakwendaje huko Buyenzi? Na mgongo wa wifi Zena, umepata nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mambo ya vita unayasikia redioni kama sisi.

Barua yako dereva wa basi kaifikisha. Unataka binti yako Uwamahoro aondoke kwangu baada ya Idi, aache shule, aje akae dukani kwako, eti hesabu alizonazo zinamtosha. Ngoja kwanza nikusimulie alichonifanyia.

Nilikuwa nakushonea kofia ya Idi. Akachukua chaki yangu, akaandika kwenye meza ya kukatia: 142857. "Shangazi, zidisha kwa mbili." Nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zile zile, zimefuatana vile vile, zimeanzia pengine tu! Kwa nne, tano, mpaka sita, hivyo hivyo. Jirani yangu fundi Léonce akaacha cherehani, akasema huo uchawi. Uchawi wapi! Mtoto akatuonyesha zinakotoka: ukigawanya moja kwa saba, hizo sita zinajirudia bila kukoma.

Unaujua ubishi wangu. Nikasema kwa saba itakwama tu, nikazidisha mwenyewe. 999999. Tisa tupu! Wallahi kaka, nilishika mdomo. Nimeshona miaka yote hii, sijaona mshono uliokutana vizuri namna ile.

Basi nimezidarizi zile sita kuizunguka kofia yako. Izungushe, anza kusoma popote, utakuta jibu.

Sasa anataka kujua kama nambari za tabia hiyo zina mwisho. Mwalimu wake kamwambia zipo nyingine, ndefu zaidi, ila kama zina mwisho hata mabingwa hawajathibitisha. Ee bwana, tangu hapo hashikiki! Namwonea fahari mpaka machozi. Kaka, nakuomba, mwache asome.

Kofia hiyo namkabidhi dereva yule yule. Utaona juu, utosini, nimepaacha peupe. Hapo ni pa zile tisa tupu za mara saba, na atakayezidarizi ni mwanao, siku atakayomaliza shule. Mimi sitii sindano. Ukimwita sasa, kofia itabaki hivyo hivyo, na wenzako msikitini wakiuliza, utawajibu mwenyewe.

Nisalimie wifi Zena, na mapacha uwabusu. Mungu azipokee funga zenu, awape Idi yenye furaha.

Mdogo wako akupendaye, mbishi yule yule,
Zaituni Mukasine