Wakili Aliyesubiriwa Kiranjeranje

Baba Rehema,

Natumai wewe na mtoto hamjambo hapo Mombasa. Baba alizikwa siku ileile aliyofariki, mimi nikiwa bado njiani.

Leo, tulipomaliza kula wali wa matanga, shangazi alinifungulia kanga aliyofungia karatasi za kesi ya shamba letu la mikorosho. Kumbe kila alipoitwa kwenye baraza la ardhi, baba aliwaomba wazee wa baraza wasubiri: “Wakili wangu yuko masomoni Kenya.” Nikamweleza shangazi kwamba leseni yangu ni ya huko, katika mahakama na mabaraza ya hapa Tanzania siruhusiwi kusimama. Akazikunja karatasi polepole.

“Sasa mwanangu, baba yako alikuwa anamsubiri nani?”



Nibusie Rehema. Akisema tena anataka kuwa wakili kama mama, usimjibu mpaka nirudi.

Mkeo