Jina Ambalo Sikulifuta

Goma, Keshero, mwezi wa kumi 2023

Yaya Ernestine, dada yangu mpendwa,

Kabla sijakusalimu, pokea neno moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nina wivu na Daniella. Si ule wivu wa utotoni wa kugombania kitenge au kipande cha nyama. Huu unalala pamoja nami na kuamka kabla yangu. Sasa nimelisema, mkono umelegea kidogo, naweza kukusalimu vizuri.

Habari za Butembo? Mimba inaendeleaje, na miguu yako bado inavimba jioni? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Papa anakohoa kwa sababu ya vumbi lakini anaenda kazini. Mama amepanda mboga za lenga-lenga katikati ya mawe nyuma ya nyumba, na zimeota kuliko za jirani, basi ana furaha. Milio ya bunduki upande wa Sake tunaisikia siku nyingine, kisha inanyamaza na watu wanaendelea kufua. Barabara ya Rutshuru ingali imefungwa, kama atakavyokueleza shemeji Édouard aliyezunguka kupitia Uganda ili atufikie. Barua hii nampa yeye mkononi, kwa sababu simu ninayotumia ni ya Daniella, na Daniella husoma kila kinachopita ndani yake.

Unakumbuka Daniella alivyokuja kukaa kwetu, baba yake, baba mdogo Baharanyi, aliporudi Bukavu. Tumemaliza shule pamoja, tumepata diploma ya Serikali pamoja, na Papa akatuombea sote wawili nafasi ya kujifunza kazi kwa muzee Mulumeoderhwa, anayeongoza jarida la kituo kimoja cha utafiti hapa mjini. Ni jarida ambalo walimu wa vyuo vikuu huandikia makala zao. Mimi nilipewa kazi ya kufuta majina. Usicheke, ni kazi kweli. Makala ikifika, inatumwa kwa wasomaji wawili waliobobea, mmoja Bukavu na mwingine Kisangani, waseme kama inastahili kuchapishwa. Hawatakiwi kujua nani ameiandika, wasimpendelee rafiki wala kumkomoa adui. Kwa hiyo mimi napitia karatasi zote na kuondoa jina la mwandishi popote lilipojificha. Muzee alinifundisha mambo mengine pia: kwamba aliyefanya kazi lazima aandikwe na asiyefanya asiandikwe, na kwamba watu waliotuambia habari zao, hasa hawa waliokimbia vita, wasijulikane kamwe kwa sababu ya maandishi yetu. Neno hilo la mwisho alilirudia mara nyingi. Nililishika vizuri sana, yaya. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Basi mwezi wa tano akaja Dokta Constant, mwalimu kutoka Kinshasa. Alikuwa anaandika juu ya wakimbizi wa Mugunga, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Alihitaji msichana wa kumtafsiria. Alisimama mlangoni mwa biro, ofisi yetu, akatuangalia sote wawili, akauliza nani yuko tayari. Mimi nilijua jibu. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini unanijua, niliangalia viatu vyangu, na nilipoinua kichwa Daniella alikuwa tayari ameshika mfuko wake.

Kila jioni alirudi na vumbi jeusi miguuni na hadithi nyingi. Siku moja alituchekesha mezani. Alisema walitafuta asubuhi nzima mwanamke aliyeandikwa Kanyere, mkulima kutoka Rutshuru, wakapita hema kwa hema na hakuna aliyemjua. Hata jirani yake aliyeshiriki naye kamba ya kuanikia nguo alikataa kwamba kuna Kanyere hapo. Mwishowe mwanamke mwenyewe akatoka na sufuria mkononi, akawaambia, “Kanyere ni wa kwenye karatasi. Hapa niko Mama Charline.” Papa alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa naangalia jinsi Papa anavyomwangalia Daniella.

Yaya, Kifaransa cha Daniella ni cha mdomo. Kwenye karatasi kinachechemea. Usiku ule ule na siku zilizofuata ni mimi niliyemnyooshea sentensi zake kabla hajampelekea Dokta. Hakuniomba kwa unyonge, alinitupia karatasi kitandani na kusema, “Mama Kimya, nisaidie kidogo.” Ndilo jina alilonipa, Mama Kimya. Makala ilipokwisha, juu kulikuwa na majina mawili, la Dokta Constant na la Daniella Baharanyi. Langu halikuwepo hata chini kwa herufi ndogo. Papa alinunua samaki, sambaza za ziwani, akaita majirani. Tangu siku hiyo anamwita profesa. Chakula kikiiva ni profesa akule kwanza. Mimi naitwa kuleta maji ya kunawa.

Makala ikaja mezani kwangu niifute majina. Nitakuambia ukweli, nililifuta jina la Daniella kwa raha. Nilikibonyeza kile kitufe na kukiacha kidole hapo hata baada ya herufi zote kwisha. Kisha nikaendelea kusoma, nikafika mahali pa yule mwanamke. Jina la Kanyere halikuwepo popote, walikuwa wamelificha kama inavyotakiwa. Badala yake palikuwa pameandikwa “Maman Charline”. Chini yake ikafuata habari yake yote: kwamba binti yake aliwaona watu waliochoma nyumba za kijiji chao, akamtambua mmoja wao, kwamba mtu huyo sasa anatembea huru humo humo kambini akimuulizia, na kwamba msichana amefichwa kwa mshonaji mmoja wa mtaa wa Mapendo.

Naona wewe umeshaelewa, kwa sababu umekulia hapa. Dokta hakuelewa. Kwake yeye lilikuwa jina la kubuni la Kifaransa, tena zuri. Msomaji wa Kisangani aliuliza kwa maandishi kama majina ya waliohojiwa yamebadilishwa, na Dokta akajibu kwa moyo safi kwamba ndiyo, yote. Na Daniella? Nimefikiri sana juu yake. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba mtu mzima haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa mtoto wake. Dokta alipomwambia asiandike jina la mwanamke, yeye alifanya anavyofanya kila siku akikutana na mama wa watu njiani. Aliandika kwa heshima, akadhani ameficha. Wakafuta jina ambalo hakuna anayelijua, wakaacha lile ambalo kambi nzima inaliita, na ndani yake limo jina la mtoto mwenyewe anayetafutwa.

Jarida hili siku hizi linawekwa pia kwenye mtandao. Kule Mugunga watu hawana milango lakini simu wanazo.

Hayo yote nilimwambia muzee Mulumeoderhwa, na sasa nikusimulie yaliyotokea kwa mpangilio, kisha nitarudi kwenye lile ambalo sikumwambia.

Jarida lilipokaribia kutoka, palipangwa sherehe ndogo kituoni, na Papa akanunua kitambaa cha buluu ili profesa ashonewe nguo. Daniella alikuwa Mugunga na Dokta, kwa hiyo Mama akanituma mimi nikapimwe badala yake, kwa kuwa miili yetu ni sawa. Hebu fikiria, yaya. Mabega yangu, kiuno changu, kwa nguo yake. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Mapendo nikiwa nimekumbatia kitambaa.

Mshonaji anaitwa Mama Perpétue, ni Mama aliyenielekeza kwake. Sikufikiri kitu. Washonaji wa Mapendo ni wengi. Aliniambia mutoto wake wa kazi atanipima, na msichana wa umri wangu akatoka nyuma ya pazia na utepe shingoni. Alikuwa mpole, na haya kama mimi. Aliniuliza jina la kubandika kwenye kitambaa. Nikasema Daniella, ndiye mwenye nguo. Alikuwa amenizungushia utepe kiunoni wakati mtoto mmoja wa uani alipoita kwa sauti, “Yaya Charline, maji imechemka.”

Mikono yake ilisimama. Nilihisi utepe ukitetemeka juu ya tumbo langu. Mama Perpétue aliacha mashine, akaenda mlangoni, akamvuta yule mtoto ndani kwa sikio na kufunga mlango, akaniangalia mimi, si mtoto, na kusema taratibu, “Hapa hakuna Charline.” Nikasema sikusikia kitu. Msichana akamaliza kunipima, lakini vipimo aliviandika vibaya, nguo ilikuja kuwa kubwa. Wakati natoka aliniomba nimwambie Daniella amesifu rangi.

Asubuhi niliwahi biro kabla ya wote. Muzee alipofungua mlango nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Nilimwambia juu ya jina. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Alivua miwani, akauliza nimeligundua lini. Nikamjibu, jana. Akashika simu akawazuia wachapishaji, kisha akaenda mwenyewe kuchukua kurasa, kwa miguu, maana hakutaka hata kungoja moto.

Mchana Dokta Constant aliitwa. Mwanzo alikasirika, akasema tafsiri ilifanywa na msichana. Daniella alikuwa amesimama pale pale, amekuwa kama majivu. Muzee hakupandisha sauti. Alimwambia, “Dokta, jina la kwanza juu ya makala ndilo linalojibu. Na jarida ni langu, kwa hiyo baada yako najibu mimi.” Baadaye Dokta alimwomba Daniella msamaha, hilo sitamnyima. Wakaenda Mugunga pamoja, wakamweleza Mama Charline kila kitu bila kupamba. Daniella alinisimulia kwamba hakuwatukana. Alikaa chini tu, akauliza ni wangapi wamesoma. Kisha akasema habari za shida yake ya kambini waziache zibaki, lakini mutoto wake atoke mule ndani mzima mzima, jina na Mapendo na yote aliyoona. Imefanyika hivyo. Msichana amehamishwa. Mahali sikuuliza, na sitaki kujua.

Usiku Daniella alilia kitandani kwangu, akanishika shingo, akasema nimemwokoa asiue mtu. Haniiti tena Mama Kimya. Papa aliwaambia majirani wale wale waliokula sambaza kwamba wasomi wanne walipita juu ya shimo na binti yake ndiye aliyeliona. Binti yake, yaya. Alisema mimi.

Sasa ndipo ninaporudi. Si kweli kwamba niliona jana yake. Niliona tangu mwezi wa sita, kitandani, nilipokuwa nanyoosha sentensi za Daniella. Niliona tena nilipofuta jina lake biro. Siku ile nilipeleka kidole kwenye “Maman Charline”, kisha nikakiondoa. Nilijiambia kazi yangu ni majina ya waandishi tu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaiona sherehe, nimeona mtu akisimama na kuuliza ni nani aliyeandika upumbavu huu, na Papa akiangalia viatu vyake, na Daniella amevaa nguo mpya. Nilitaka itoke. Nilingojea itoke miezi mitatu na zaidi, na katika miezi hiyo yule msichana alikuwa anapima watu viuno nyuma ya pazia. Sikumfikiria. Nilimfikiria Daniella peke yake. Mpaka utepe ulipotetemeka.

Wiki hii muzee ameongeza mstari mwishoni mwa makala iliyosahihishwa: kwamba waandishi wanamshukuru Miriam Nshobole, ambaye uangalifu wake umelinda watu. Jina langu lote, katika jarida. Ndicho kitu nilichokitamani tangu mwezi wa tano. Akanipa kurasa nizipitie mara ya mwisho, nami nikaliangalia muda mrefu, kisha nikalifuta. Muzee aliponiuliza, nilimwambia naona haya. Aliamini, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Amenisifu tena kwa unyenyekevu.

Usidhani nimepona. Jina la Daniella lipo pale pale, la pili, na sasa ni halali yake kwa sababu alirudi akamtazama yule mama usoni. Mimi sijawahi kwenda. Kesho atavaa ile nguo ya buluu iliyoshonwa kwa vipimo vyangu, imepwaya, na bado itampendeza, na mimi nitakuwa nyuma napanga viti, na roho itaniuma. Najijua.

Nakuomba, yaya, usimweleze Papa. Usimweleze Mama, wala shemeji Édouard atakapokukabidhi barua hii na kuuliza mbona nimeifunga kwa gundi nyingi. Zaidi ya wote usimwambie Daniella, kwa sababu atanisamehe, na sitaki anizidi hata hapo. Ukimaliza kusoma, itie motoni chini ya sufuria, na ukiniandikia uniulize habari za mboga tu.

Msalimie mamkwe na wote wa nyumbani. Mama anasema ulale ukiwa umeinua miguu.

Mdogo wako,
Miriam