Udongo Mbichi Kwenye Injini ya Marehemu

Jumatano. Tangu alfajiri upepo wa ziwani unapiga mabati, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Na moyo wangu mchafu vilevile.

Shule sikuingia hata siku moja. Nasema mimi, mkwe wangu Rehema anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Leo ataandika asiyoyajua.

Nimemuunguza mtu, halafu nikamwacha ajilaumu mwenyewe siku tatu.

Mtu huyo ni Mzee Sadiki, fundi, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Ametoka kambini kwa kibali cha wiki mbili, aje kuifufua injini ya gari la marehemu mume wangu. Gari la kale, limekaa uani chini ya majamvi tangu wanangu wadogo, nami nataka kulisikia likinguruma kabla sijafa. Vijana wa gereji za Mwanga walichungulia ndani wakacheka: "Shikamoo Bibi, hii ya skrepa."

Ndani ya injini kuna chuma kirefu kinachozunguka, krenki, nacho kinalala juu ya beringi za madini laini. Siku hizi beringi unanunua dukani. Za gari hili hazinunuliwi. Fundi anayeyusha madini, anayamimina pale pale kwenye injini, kisha anakwangua kidogo kidogo mpaka krenki ikae sawa. Ninayemjua anayeweza kazi hiyo ni mmoja tu, ndiye huyo.

Kabla ya kumimina, pembeni huzibwa kwa udongo ili madini yasivuje. Hapo ndipo nilipojitia. Mimi mfinyanzi, vyungu vyangu vinapika maharage mpaka Mwandiga. Nikasema udongo niachie mimi. Akakubali kwa sharti moja: ukauke kabisa, lisibaki hata tone la maji, maana madini ya moto yakikutana na maji yanaruka.

Ukakauka. Jumapili asubuhi makaa yamekolea, yeye ameinamia sufuria ya madini, anachovya kijiti aone kama kinabadilika rangi. Mimi nikaona ufa kwenye udongo wangu, mwembamba kama unywele. Mfinyanzi akiona ufa, mkono haumuulizi. Nikalowesha kidole, nikachukua udongo mbichi kidogo, nikapaka, nikalainisha. Ukapendeza.

Sikumwambia.

Alipomimina, yaliruka kama mawese ya moto yaliyotiwa maji. Mkono wake wa kulia ukaungua mpaka karibu na kiwiko. Beringi ikatoka na matundu kama kitumbua. Hakupiga kelele. Alikaa chini akasema, "Mikono yangu imeisha kuzeeka, Mama. Sikupasha injini vizuri."

Nami nikamjibu pole. Tukampeleka zahanati, wakamfunga bandeji, na tangu hapo nikawa namlisha. Migebuka ya kuchoma, uji, ugali na dagaa, kila saa sahani. Nilimlisha badala ya kumwambia.

Rehema ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu. Utanisema baadaye.

Kwa nini nilinyamaza? Mtaa mzima unanijua kwa udongo. Na kuna baya zaidi: nilijiambia huyu ni mpita njia, atarudi kambini na aibu yake, mimi nitabaki hapa na jina langu.

Ndivyo nilivyowaza. Mimi, ninayejisifu kwamba mlango wangu haujawahi kumfungia mkimbizi.

Leo baada ya adhuhuri nimemkuta anafunga tupa na vikwangulio vyake kwenye gunia. Kibali bado kina siku saba. Akasema vyombo atampa mtu kule kambini, yeye ufundi basi. Nyumba aliiacha Uvira, mashua aliiacha, kazi ya mikono ndiyo aliyovuka nayo. Na mimi ndiye niliyekuwa namnyang'anya.

Nikamwambia nimesimama, bila kuzunguka. "Mzee Sadiki, ulipasha vizuri. Ni mimi. Nilitia udongo mbichi. Nisamehe."

"Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akapatazama sana.

"Siku tatu ninajiuliza nilisahau nini," akasema. "Siku tatu wewe unanipa samaki."

Akalifungua gunia, akanigeuzia mgongo.

Chakula cha jioni kimerudi hakijaguswa. Lakini tangu alasiri namsikia anakwangua madini yaliyoharibika, kwa mkono wa kushoto, polepole. Jumamosi atamimina tena. Udongo ataukanda mwenyewe, na amenipiga marufuku kukanyaga uani.

Rehema anasema nimwombe msamaha tena. Sitamwomba tena. Alinisikia vizuri, na hasira ni yake, akae nayo anavyotaka. Mimi Jumamosi nitakaa chumbani, mikono mapajani, nisikilize madini yanavyomiminwa na nisiinuke hata nikidhani kuna kitu hakijakaa sawa.

Sijawahi kukaa hivyo maishani mwangu. Nitaweza?