Kokusima, usirudi kwa maneno matupu

Mjukuu wangu Kokusima,

Mwandiko wangu usiucheke. Niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo.

Mwalimu mkuu wa ile shule uliyokuwa ukifundisha amekuja hapa nyumbani. Shikamoo aliyonipa aliinama nayo mpaka nikatazama kama kaangusha kitu. Nikampa kahawa ya kutafuna, akatafuna, akaanza kukusifu. Wewe hodari, wewe mfano, shule imepwaya bila wewe. Ulipokuwa unakwisha kama sabuni hakuijua njia ya hapa. Sifa za leo kazitoa wapi?

Kumbe anataka nikuite urudi. Anasema mzigo umepungua, wazazi sasa wanapika uji wenyewe, masomo ya Jumamosi yamefutwa. Halafu akasogeza kiti. "Bibi, ukimwambia unaumwa, atakuja haraka." Siumwi. Nimemwambia homa hiyo ampelekee mama yake.

Nakukumbuka ulivyokuwa, ukimenya ndizi hapa jikoni huku unasinzia, nami nakuchomoa kisu mkononi polepole. Nikadhani una mimba. Nikakuuliza bila kuzunguka, ukacheka hadi machozi: "Bibi, hiyo mimba ningeipata saa ngapi?" Ndipo ukaniambia yote: madarasa mawili peke yako, zamu, uji, kwaya, mpira, na mabinti wenye shida zao wote kwako. Nikakugombeza, mdomo ulipewa wa nini? Ukasema ukikataa watakaokosa ni watoto. Hapo ndipo walipokukamatia.

Na ile Jumapili tukitoka kanisani, watoto wa darasa lako walikuamkia njiani, ukashindwa kuitikia, ukalia. Kesho yake nilikufungashia nguo mwenyewe, ukapanda basi la Bukoba kwa shangazi yako.

Sasa basi, maneno ya mkuu sikuyaamini, nikaenda shuleni bila kumwambia mtu. Uji kweli wanapika wazazi. Mwiko nimeukuta kwa mama Jeni, hilo mkuu sitamnyima. Lakini nikamwona mwalimu mpya, binti wa Muleba, anatoka mlango huu anaingia ule, chaki mkononi, huku watoto, kule watoto. Nikamwuliza kwaya anafundisha nani. Akasema yeye. Mpira? Yeye. Mabinti? Akatabasamu lile tabasamu lenu nyie mliosoma, mkichoka hamsemi.

Mzigo haukupungua, mjukuu wangu. Umehamishiwa mgongo mwingine.

Nikamfuata mkuu, walimu wenzake wakisikia. Nikamwambia, "Huyu binti akiwa bado hapa kahawa ikivunwa, na bado anacheka, Kokusima nitamwita mwenyewe. Akikimbia, kwangu usikanyage." Akaapa kwamba atagawa kazi upya. Labda. Mtu anayetaka nijifanye mgonjwa kwa faida yake, kiapo chake nakipima mara mbili. Nitapita pale kila nikienda gulioni Kaisho, apende asipende.

Usidhani sikutaki. Nyumba imenyamaza mno, hata chakula napika kingi kwa mazoea, kinaishia kwa nguruwe. Lakini nikikuita leo, nitakuwa nimekurudisha kule kwa mkono wangu. Kaa kwa shangazi yako, ule ushibe, ulale. Huyo binti wa watu akipata nafasi ya kula ameketi, nitakuandikia njoo. Akifungasha, mimi nitamsindikiza basini, na wewe utabaki huko huko.

Mungu akutunze, na wewe ujitunze.

Ni mimi bibi yako, mama wa baba yako